Nani Ana Haki ya Kulalamikia Chai?

Mwaka jana nilipata kazi ya kuandika mwongozo. Mteja alikuwa wa mtandaoni, sijawahi kuona uso wake, na alitaka maneno 3,000 ya kuwasaidia wageni wanaohamia Nairobi kikazi. Nilikuwa nimetoka chuo katikati ya mwaka wa 3, karo ilipokataa kabisa kupatikana, na kazi kama hizo ndizo zilikuwa zinalipa nyumba. Nikaandika. Nikaeleza tokeni za stima zinanunuliwaje, kwa nini kila ploti ina tangi la maji, kwa nini mama mboga atakuuliza kama una M-Pesa kabla hujafungua pochi. Nikaeleza mitaa: Gigiri kwa wale wa Umoja wa Mataifa, Lavington kwa wenye watoto wa shule, Kilimani kwa wanaopenda kelele.

Mteja akapenda, ila akaomba sehemu moja zaidi. Kero za kila siku. Alisema wasomaji wake wanapenda sana hiyo sehemu. Basi nikakaa nikawalalamikia watu nisiowajua: foleni ya Waiyaki Way, jibini ghali, intaneti inayokatika mkutano ukianza, fundi anayesema yuko njiani na kumbe hajatoka kitandani. Mwisho nikaandika aya moja kuhusu msichana wa kazi. Nikaweka sentensi kwamba sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Mteja akaitoa. Alisema inavunja mtiririko.

Usiku huohuo anti yangu akanitumia sauti kwenye WhatsApp. Anti ni mdogo wa mama, yuko Riyadh, ni kadama. Saa za Riyadh na za Nairobi ni zilezile, kwa hivyo akimaliza vyombo saa 5 usiku na mimi huwa bado niko macho. Siku hiyo alikuwa na neno moja tu: chai. "Mami, hii chai yao haina maziwa, iko na sukari ya kuua mtu, na ikija kikombe chenyewe ni kama cha mtoto kuchezea." Alikuwa anacheka. Mimi nikamjibu kwa haraka, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kumaliza: "Pole anti. Vumilia tu."

Nilikuja kulisikia jibu langu siku mbili baadaye, nikiwa kwa matatu. Nilikuwa nimewapa wageni wa Gigiri aya nzima kuhusu jibini. Anti alileta chai, nikampa pole.

Hii si insha ya kujipiga kifua. Ni insha ya vitabu. Lakini tangu siku hiyo nasoma vitabu vya watu walioenda kuishi nchi za watu nikiwa na swali moja mkononi, na limenivurugia vitabu kadhaa nilivyokuwa navipenda. Swali ni hili: katika kitabu hiki, nani ana haki ya kulalamikia vitu vidogo?

Tuanze na neno lenyewe. Ekspati ni mtu aliyetoka kwao kwenda kufanya kazi nchi nyingine, mara nyingi kwa mkataba, akiwa na nia ya kurudi. Kwa Kiswahili cha ofisi huitwa mtaalamu wa kigeni. Mtaani tunamwita mzungu tu, hata akiwa Mkorea. Sasa chukua maelezo hayo umpimie anti. Alitoka kwao, ndiyo. Kikazi, ndiyo. Ana mkataba wa miaka 2, kibali chake cha ukaazi kinaitwa iqama, na nia ya kurudi anayo kwa sababu tayari amenunua mawe ya kujenga. Anti ni ekspati kwa kila kipimo isipokuwa hakuna mtu hata mmoja amewahi kumwita hivyo. Nikiingiza neno hilo mtandaoni napata mabwawa ya kuogelea. Nikiingiza neno kadama napata vilio.

Majina haya mawili yamezaa aina mbili za vitabu.

Aina ya kwanza tunaijua vizuri hapa Nairobi, maana tumeishi ndani yake mpaka tukaipa mtaa. Karen Blixen alifika Kenya mwaka 1914 kutoka Denmark, akalima kahawa chini ya Ngong, shamba likafilisika, akarudi kwao mwaka 1931. Kitabu chake, Out of Africa, kilitoka mwaka 1937, na filamu ya 1985 ikakipeleka hadi kwa watu ambao hawajawahi kufungua kurasa zake. Nikisema ukweli, nilipokisoma mara ya kwanza nikiwa chuo kilinibeba. Yule mama anajua kuandika hewa. Anajua kuandika mvua iliyochelewa. Ukishakulia sehemu ambayo watu wazima wanatazama mawingu kama wanasubiri simu, huwezi kujifanya hukuguswa.

Ila jiulize nani anapika. Anapika Kamante. Aliletwa na Blixen ndani ya kitabu akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akatibiwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti, akaja kuwa mpishi mkuu wa nyumba. Alikuwa mpishi hatari. Mwanamfalme wa Wales alipokula chakula cha jioni pale shambani mwaka 1928, mikono iliyokuwa jikoni ilikuwa ya Kamante. Blixen anatusimulia kwamba Kamante hakuwa anasoma, kwa hivyo kila mchuzi aliukumbuka kwa tukio la siku aliyofundishwa: kulikuwa na mchuzi wa radi iliyopiga mti, na mchuzi wa farasi wa kijivu aliyekufa. Hapo mimi huweka kitabu chini kidogo. Mtu anayepanga elimu yake ya jikoni kwa radi na farasi ni mwandishi mwenzako, mama.

Lakini Blixen hamwoni hivyo. Anashangaa kwamba Kamante anaweza kupika kwa ustadi vyakula ambavyo yeye mwenyewe havitaki, na kwamba mara nyingine anamletea zawadi ya kwao, kiazi kitamu kilichochomwa au kipande cha mafuta ya kondoo. Halafu anaifananisha zawadi hiyo na mbwa anayekuwekea mfupa miguuni. Ngũgĩ wa Thiong'o alishalifunga jambo hili zamani. Katika Moving the Centre, mkusanyiko wake wa mwaka 1993, kuna insha ambayo jina lake linataja mpishi wa Blixen na mbwa wake, na ukishaisoma hiyo huwezi tena kusoma sura ya Kamante ukiwa umetulia.

Mimi nataka kuongeza kitu kidogo tu juu ya hapo. Kosa la sura ile haliko kwenye mbwa peke yake. Liko pia kwenye kiazi. Kamante amekuja na maoni. Amekula vyakula vya Ulaya, amevipima, ameona havifiki, akaamua kumsaidia mwajiri wake aonje kitu kizuri. Hiyo ni hukumu ya mpishi. Na kitabu, ambacho kimejaa maoni ya Blixen kuhusu kila kitu kuanzia tabia za makabila hadi rangi ya anga, hakina nafasi ya hukumu hiyo. Maisha ya kila siku ya mgeni yanaandikwa vizuri hivyo kwa sababu kuna watu wengine wanaoyafanya. Kuni zimepasuliwa, maji yamechotwa, mkate uko mezani, kwa hivyo yeye amebaki na muda wa kutazama mawingu. Mwongozo wangu wa maneno 3,000 ni mjukuu wa kitabu hicho. Nilipoandika ile aya ya msichana wa kazi nilikuwa naandika sura ya Kamante, na hata siku yake ya mapumziko ikatolewa ili isivunje mtiririko.

Aina ya pili ya vitabu ndiyo niliyodhani itanisaidia. Hivi ni vitabu vya mateso, na navyo si vya kudharau. Kilichonipata zaidi ni Goat Days cha Benyamin, riwaya ya Kimalayalam iliyotoka mwaka 2008 kisha ikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2012. Najeeb, kijana wa Kerala aliyekuwa akizamia mchanga mtoni, anapata viza ya kwenda Saudia. Anatua Riyadh akiwa na mwenzake Hakim. Wanasubiri uwanjani, hakuna anayewajia, mpaka anatokea mzee mmoja na pikapu inayonuka, anawachukua. Najeeb anajikuta jangwani, peke yake na mbuzi, kwa zaidi ya miaka 3. Baadaye anajua kwamba yule mtu hakuwa hata mdhamini wake wa halali.

Kuna tukio la siku za mwanzo ambalo kila aliyesoma kitabu hiki analikumbuka. Najeeb anatoka haja, anachukua maji ajisafishe, na bwana wake anamcharaza. Maji ni ya mbuzi. Benyamin hahitaji kusema lolote zaidi. Katika ule mfumo wa udhamini unaoitwa kafala, ambapo kibali chako cha kuishi nchini kimefungwa kwa mwajiri, unaweza kueleza sheria kurasa kumi na usifikie pale linapofika lile kopo la maji.

Filamu yake ilipotoka mwaka 2024 niliitazama usiku, nikalia, nikamwandikia anti: hii lazima uione. Alikuwa na bando. Aliitazama kwa vipande vipande siku 4, chumbani kwake, taa ikiwa imezimwa. Kisha akanitumia sauti ya dakika 6, na nitaiweka hapa kwa kifupi kwa sababu ni uhakiki mzuri kuliko niliokuwa nimepanga kuandika.

Kwanza alisema ni kweli. Anawajua wasichana waliopita mambo mabaya, mmoja walisafiri ndege moja na hadi leo simu yake haiingii. Hakutaka nimfikirie anabisha. Pili alisema, "Lakini mami, nyinyi mnatupenda tukilia." Akasema akipiga simu nyumbani na kusema kazi ni ngumu, watu wote wanakusanyika kwa simu. Akisema amejifunza kupika kabsa na sasa wageni wanaiulizia, hakuna anayeshughulika. Akisema mchele wa huku anaupenda lakini chai hapana, anaambiwa ashukuru ana kazi. Tatu aliuliza kitu ambacho sikukitegemea: "Huyo kijana, hao mbuzi aliwapa majina. Kwani hiyo hukuiona? Mbona wewe umeniambia tu ya maji?"

Nilirudi kwa kitabu. Ni kweli. Najeeb anawapa mbuzi majina ya watu wa kijijini kwao. Anawapangia tabia, anawasengenya, anacheka nao. Jangwani, mahali ambapo hana hata nguo ya kubadilisha, ameanzisha kijiji chenye udaku. Benyamin aliiweka hiyo wazi kabisa, na mimi niliipita mbio nikielekea kwenye kilio kinachofuata. Kwa hivyo kosa hapa ni la wasomaji kuliko la kitabu. Tumefundishwa kwamba mgeni mwenye pesa ana kero, na mgeni asiye na pesa ana mateso, na kati ya hayo mawili hakuna kitu. Kero zinamfanya mtu awe na tabia: huyu hapendi kelele, yule hawezi kula pilipili. Mateso yanamfanya mtu awe mfano wa mateso.

Ndiyo sababu nadhani kipimo changu cha kwanza, nani anapika, hakitoshi. Kinatuonyesha kazi iko kwa nani. Hakituonyeshi ladha iko kwa nani. Na mtu akiwa nchi ya watu, ladha ndiyo kitu cha kwanza anachoambiwa aiache uwanjani. Unakula ulichopewa, unalala ulipoonyeshwa, unasema asante.

Chimamanda Ngozi Adichie anaijua vizuri hesabu hii. Katika Americanah ya mwaka 2013, Obinze, mtoto wa profesa, yuko London bila makaratasi, anafanya kazi kwa jina la mtu mwingine ambaye anamkata sehemu ya mshahara. Kazi mojawapo ni kuosha vyoo vya ofisi. Anaifanya bila neno mpaka jioni moja anakuta mtu amejisaidia juu ya kifuniko cha choo, makusudi. Anavua glavu, anaenda zake. Kwa mtazamo wa bajeti ni uamuzi mbaya. Kwa mtazamo wa riwaya, ndiyo siku Obinze anakataa kitu, na siku mtu anapokataa kitu ndipo tunamjua. Lakini angalia pia Ifemelu upande wa Marekani. Yeye anapata uhuru wa kulalamika kwa mapana, kuhusu nywele, kuhusu wapenzi, kuhusu maneno ya watu wema, baada ya kupata makaratasi na mshahara. Kabla ya hapo anatumia kitambulisho cha mtu mwingine na kunyamaza. Adichie hasemi hili kwa sauti, ila ratiba ya kitabu inasema: maoni yanaanza viza ikitulia.

Kitabu kinachokataa kusubiri viza ni By the Sea cha Abdulrazak Gurnah, cha mwaka 2001. Watu wengi hapa walianza kumtafuta Gurnah baada ya Nobeli ya 2021, na Paradise ilipotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022 kwa jina la Peponi tukapata kumsoma kwa lugha ambayo wahusika wake wanaota nayo. By the Sea mimi nilikuwa nayo kwa Kiingereza tu. Anti alitaka kukijua, na Kiingereza cha kitabu kinamchosha baada ya kutwa nzima ya kusimama. Basi tukafanya hivi: kila usiku ninasoma kurasa 2 au 3, ninazigeuza Kiswahili palepale, ninarekodi, ninamtumia. Anazisikiliza akipiga pasi.

Saleh Omar ana miaka 65. Anatua uwanja wa Gatwick kutoka Zanzibar akiwa na pasipoti yenye jina la mtu mwingine. Anakijua Kiingereza lakini aliyemuuzia tiketi amemshauri ajifanye hakijui, kwa hivyo anayasikia yote yanayosemwa juu yake akiwa ametulia kama mtungi. Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anapekua mkoba wake mdogo. Humo anakuta kijisanduku cha mbao, na ndani yake udi. Siyo udi wa kawaida: ni ud-al-qamari, uliomfikia mzee miaka mingi nyuma kutoka kwa mfanyabiashara wa Ghuba aliyekuja na musimu. Afisa anazungumza naye vizuri, anamweleza kwamba wazazi wake mwenyewe walikuja Uingereza kama wakimbizi kutoka Rumania, lakini wao ni watu wa Ulaya, wana haki ya kuwa pale. Kisha anakichukua kile kijisanduku.

Nilipotuma sehemu hiyo anti alinijibu kabla hata hajamaliza kuisikiliza. "Aliuchukua udi?" Nikasema ndiyo. Akaanza kunieleza udi. Kumbe nyumbani kwa mwajiri wake, wageni wakija, ni yeye anayeshughulikia chetezo. Anajua makaa yakiwa mekundu sana udi unaungua badala ya kunukia, kwa hivyo unayaacha yavae majivu kwanza. Anajua kipande kizuri kwa uzito wake kiganjani. Anajua bei, na alinitajia, na mimi nikakaa kitako. "Huyo afisa," akasema, "si mjinga. Alijua alichochukua."

Nimesoma watu waliosoma sana wakiandika kuhusu tukio hilo. Wameandika kuhusu kumbukumbu, kuhusu himaya, kuhusu kupokonywa. Wako sawa. Lakini sijaona aliyelisoma kama mtu anayejua kazi ya udi, na Saleh Omar ni mtu anayejua kazi. Kabla ya kufungwa kwao alikuwa na duka la fanicha. Alijua mbao. Na jambo ambalo Gurnah anafanya, na ambalo nimelitafuta katika vitabu vingi bila kulipata, ni kumwachia mzee huyu ujuzi wake baada ya kumpokonya kila kitu kingine. Anapopewa mahali pa kuishi, katika mji mdogo kando ya bahari, mkimbizi huyu anafanya nini kutwa? Anaenda kutazama maduka ya fanicha. Anaingia, anatazama meza na makabati, anatoka. Hanunui. Anakagua.

Mara ya kwanza nilidhani sehemu hiyo inaboa. Anti aliniambia niirudie. Alisema huyo mzee anajua bei, na mtu anayejua bei hawezi kuwa mgeni kabisa dukani. Na akaongeza kwamba yeye pia hufanya hivyo. Akitumwa sokoni na familia, wakati wao wanachagua, yeye anatazama sufuria. Anajua ni zipi atanunua akirudi, na zipi ni mapambo tu.

Gurnah pia anamruhusu Saleh Omar kuchukia mahali alipolazwa. Mkimbizi katika hadithi za kawaida akipewa kitanda anashukuru. Huyu, akiwekwa kwenye nyumba ya Celia, anaona uchafu, hafurahii kitanda, na maoni yake yote anabaki nayo kichwani huku mdomo ukiwa kimya. Ndani ya riwaya hakuna anayemwadhibu kwa maoni hayo. Hapigwi, hafukuzwi, mwandishi hamletei somo la shukrani. Anabaki kuwa mzee anayechagua, kama wazee wote. Mara nyingine ana dharau, na mara nyingine historia yake aliyotuficha inaonyesha hakuwa malaika kwa majirani zake. Hiyo ndiyo heshima ninayoizungumzia. Mtu mbali na kwao anaruhusiwa kuwa mgumu kufurahishwa.

Sasa mtu ataniuliza: kwani kulalamikia chai kutamfunguliaje mtu aliyefungiwa pasipoti? Hakutamfungulia. Kwa hilo kunahitajika sheria, ubalozi unaopokea simu, na mawakala wanaoogopa mahakama. Vitabu vya mateso vina kazi yake, na visipoandikwa watu wataendelea kupotea kimya. Lakini tazama tunavyowapigania watu. Tunampigania mtu tukiwa tumeshakubali kwamba ana maisha yanayoweza kuharibiwa. Kama tunachokijua kumhusu anti ni machozi tu, siku ambayo hakuna machozi tutadhani hakuna mtu. Hata mimi, mpwa wake, niliyelala naye kitanda kimoja kwa shosho, ilinichukua sentensi moja ya chai kugundua kwamba nilikuwa nimeacha kumuuliza maswali ya kawaida. Kula umekula nini. Filamu gani umeona. Nani anakuudhi.

Majibu ya maswali hayo yapo tayari, ila hayako kwenye vitabu. Yako TikTok. Makadama wanarekodi jikoni: hivi ndivyo sambusa zinavyokunjwa huku, hii ni ngazi ninayoosha kila asubuhi, leo madam amesafiri kwa hivyo tazama ninavyocheza. Video hizo zina ucheshi, zina dharau, zina ladha. Udhaifu wake ni kwamba ni fupi, mara nyingi zinafanywa kwa wizi, na simu ikichukuliwa zinaisha. Wahakiki tunazipita kwa sababu hazina jalada. Nasi tunaoandika kwa Kiswahili bado tunasubiri riwaya ya kadama ambayo ndani yake mtu anapika kabsa akiwa na maoni kuhusu kabsa. Nilipomwambia anti aiandike, alicheka. Alisema ataandika saa ngapi. Hilo ni jibu la kweli, na linaturudisha kwa Blixen na mawingu yake.

Mteja wangu alirudi mwezi uliopita. Mwongozo ulifanya vizuri, anataka mwingine, safari hii wa wageni wanaohamia Riyadh. Mitaa yenye mageti, shule za kimataifa, kero za kila siku. Nimekubali, kwa sababu kodi haijui uhakiki. Nimemuuliza anti kero. Amenipa 11, na ya kwanza ni chai. Nimeziandika zote kwa mpangilio aliozitaja, pamoja na namna ya kuacha makaa yavae majivu, na aya ya siku ya mapumziko nimeiweka katikati kabisa ambapo kuitoa kutaacha shimo. Nasubiri nione kitakachokatwa.

By the Sea hatujaimaliza. Anti anataka kujua kama mzee atarudishiwa udi wake. Mimi najua jibu, lakini kila nikifika karibu na hapo nasema bando imeisha.